Mjadala: Masultani wa Kilwa walitawala kwa nasaba, au kwa kile walichogawa?

Kila yanapoanza mazungumzo kuhusu Kilwa Kisiwani, hayachukui muda kabla ya kufika kwenye swali la kama kweli masultani wa kwanza walitoka Shiraz, mji wa Uajemi. Tangu Machi 2023, ulipochapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zaidi katika miji ya kale ya pwani yetu, ubishi huo umepamba moto upya, kwa sababu ulionyesha kwamba kuanzia karibu na mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika, na kwamba asili ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika karibu yote. Wapo waliofurahi kwamba masimulizi ya wazee yamepata ushahidi, na wapo waliokasirika. Mimi nauliza jambo lingine: hata tukikubali kwamba Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa sultani wa kwanza, alitoka Shiraz, je, hiyo ndiyo sababu watu wa Kilwa walimtii yeye na waliomfuata?

Ninavyoona mimi, hapana. Kiti cha Kilwa kilisimama juu ya uwezo wa sultani wa kugawa mali, na nasaba ilikuja kukipamba.

Tuanze na tarehe yenyewe ya Kilwa, yaani maandishi ya historia ya masultani wake. Imetufikia kwa njia mbili kuu, yaani muhtasari aliouchapisha Mreno João de Barros mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 kutoka katika maandishi yaliyotungwa karne ya 16. Zote ziliandikwa mamia ya miaka baada ya mambo zinayoyaeleza, wakati ambapo watu wa nyumba ya kifalme walikuwa wakigombania kiti, kwa hiyo mwandishi alikuwa na sababu zake za kusema nani ni mtoto wa nani. Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba masimulizi hayo hayaitegemei nasaba peke yake. Ali hakai kisiwani kwa kuwa ni mwana wa mfalme. Anakaa kwa sababu amekinunua kwa nguo. Katika masimulizi ya Kiswahili yaliyoandikwa baadaye, anamwoa pia binti wa Mrimba, mwenye kisiwa, na mtoto anayezaliwa ndiye anayerithi haki ya pande zote mbili. Kama kuzaliwa Shiraz kungetosha, msimuliaji asingehangaika na nguo wala na ndoa.

Pili, mwishoni mwa karne ya 13 nyumba ya Shiraz ilipokonywa kiti na al-Hasan bin Talut, wa ukoo wa Mahdali, ambao hunasibishwa na masharifu wa Yemen. Nasaba iliyokuwa ikitajwa ikabadilika yote, wala mji haukuanguka. Kinyume chake, ndipo Kilwa ilipofika kilele chake, kwa kuwa iliishika biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo.

Mjukuu wa bin Talut, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, mwaka 1331. Watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, na msafiri yule anaeleza kwa nini. Sultani alikuwa akifanya uvamizi katika nchi za bara, akitenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, ya ngawira kama Qurani inavyoagiza, na fungu la jamaa wa Mtume akiliweka katika hazina yake pekee, ili masharifu wanaokuja kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko walikute. Fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizokuwa amevaa, baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya watu wote. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu wanavyomsifu, akamwongezea fakiri watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tusipite hapa haraka. Huu ukarimu tunaousimulia kwa fahari ulilipwa kwa miili ya watu wa bara, ambao hakuna aliyewauliza wana maoni gani juu ya nasaba ya mtawala. Hata hivyo, kama namna ya kutawala, ulikuwa na hesabu kamili: masharifu walirudi makwao wakilitangaza jina lake, na mji wote ulishuhudia. Nduguye Dawud, aliyemfuata, alikuwa kinyume chake, na Ibn Battuta anasema kwamba mwombaji alipomjia, aliambiwa kuwa mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Baba yao ni mmoja, nasaba ni ile ile, lakini sifa zao hazifanani hata kidogo.

Naongeza sarafu. Zile za shaba za Kilwa hazitaji Shiraz wala Yemen. Upande mmoja una jina la sultani na la baba yake tu, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mola, yakilingana kwa vina na jina hilo. Shaba yenyewe ina thamani ndogo. Ilipokelewa sokoni kwa sababu watu waliamini kwamba neno la mwenye jina lile lina nguvu pale walipo. Huo ndio utawala ninaouzungumzia. Karibuni.

*Mchangiaji wa kwanza*

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, lakini umekomea mahali panapokufaa. Njoo karne ya 15, wakati maamiri na mawaziri walipokuwa na nguvu kuliko masultani. Kama kugawa ndiko kulikompa mtu kiti, kwa nini watu hao, waliokuwa na mali na askari, walihangaika kumweka mtoto wa ukoo wa kifalme juu yao, badala ya kukaa wenyewe? Amir Ibrahim alikuwa mwenye mji Vasco da Gama alipokuja kutoza kodi ya dhahabu mwaka 1502, na bado alijulikana kwa jina la amiri.

Kisha mtazame Muhammad Ankoni. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, Ibrahim akakimbilia bara, na Wareno wakamvisha Ankoni taji la dhahabu lililokuwa limebebwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin kule India. Ankoni alikuwa tajiri, lakini hakuwa wa ukoo wa kifalme, na yeye mwenyewe aliomba mrithi wake awe mtoto wa al-Fudail, sultani aliyeuawa. Mtu mwenye taji kichwani anaomba kiti kirudi kwa wenye nasaba! Nasaba ingekuwa pambo tu, asingejisumbua.

*Mchangiaji wa pili*

Nyote wawili mmeupita msikiti. Al-Hasan bin Sulaiman alisoma Aden ujanani na akahiji kabla ya kutawala, na yeye ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu. Fakiri yule alitoa ombi lake baada ya sala ya Ijumaa, si katika jumba la Husuni Kubwa. Kwa mji wa Kiislamu uliokuwa ukitazama Hijazi na Yemen, elimu na hija vilikuwa hoja kubwa kuliko babu na kuliko pembe za ndovu.

*Mleta mada*

Nashukuru. Kwa mchangiaji wa pili, msikiti nauhesabu ndani ya hoja yangu: kujenga msikiti ni kugawa kunakodumu. Husuni Kubwa nayo, pamoja na vyumba vyake zaidi ya mia moja na birika lake la pembe nane, ilihamwa bila kumalizika, ilhali msikiti ulikarabatiwa na masultani wa baadaye.

Mfano wa Ankoni ni mzito zaidi, lakini naona unaonyesha kitu tofauti. Aliyewekwa na wageni kwa silaha hana alichowapa wenyeji, kwa hiyo hukimbilia kuazima jina la nyumba ya zamani. Wala halikumlinda, kwani aliuawa muda mfupi baadaye. Wareno walipoondoka mwaka 1512, aliyerudi kuushika mji ni Ibrahim yule yule, asiye na haki ya kiti kwa nasaba. Ningependa mchangiaji wa kwanza anieleze watu wa Kilwa walimpokea tena kwa misingi ipi.