Mrejesho: semi iliyokuwa inachemsha Kitonga

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini injini ya semi yetu (lori la trela) inachemsha kila ikipanda mlima Kitonga, Iringa, mchana wa joto, ilhali rejeta imejaa maji. Wengi mlisema thamostati (kifaa kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), ila ilikuwa nzima. Aliyesema tuachanishe interkula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini, kinachokaa mbele ya rejeta) na rejeta ndiye aliyepatia. Katikati palikuwa na vumbi, mabua na wadudu vimeshikana na oili kama blanketi. Ukimulika tochi upande mmoja, wa pili huoni mwanga kabisa! Tuliosha kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kuja mbele, ili mapezi (vile vibati vyembamba vya rejeta) yasilale. Mfuniko wa rejeta nao ulikuwa haushiki presha, na bila presha maji huchemka mapema. Tukaweka mpya.

Juzi tumepanda na mzigo wa Tunduma saa nane mchana, mshale wa joto ukakaa katikati mpaka juu. Nilifurahi mno, asanteni sana.

Niliuliza pia kuhusu maji yanayojikusanya kwenye mitungi ya upepo wa breki: ni unyevu wa hewa ya Dar. Tumebadilisha filta ya draya (kikausha upepo wa breki), na utingo anaimwaga mitungi kila asubuhi. Jana yalitoka matone tu.