Naomba ushauri: kurekodi kipindi cha redio nyumbani

Ndugu zangu, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Nipo Moshi, maeneo ya Pasua, na ninaomba msaada wa wenye uzoefu wa vyombo vya sauti. Mama yangu anapenda kipindi cha taarabu za zamani kinachorushwa FM Jumapili usiku, lakini kikianza huwa amekwisha kulala, hivyo nataka nikirekodi ili akisikilize asubuhi.

Ninayo redio kaseti ambayo bado inashika mawimbi vizuri, ila inatafuna mikanda. Nilichomeka waya wa milimita 3.5 kwenye tundu la spika za masikioni la redio, upande wa pili nikauingiza kwenye tundu la waridi la maikrofoni nyuma ya kompyuta ya mezani, nikarekodi kwa programu ya Audacity. Sauti ilikwaruza hata nilipoipunguza redio mpaka karibu kuzima, na chini yake kulikuwa na mvumo usiokoma. Nilipoiwasha redio kwa betri badala ya umeme mvumo ulipungua sana, lakini mkwaruzo ulibaki palepale. (Kurekodi kwa simu mbele ya spika nilikwisha jaribu, nilipata taarabu pamoja na mbwa wa jirani.)

Je, nikihamishia waya kwenye tundu la bluu (la kuingizia sauti kutoka vyombo vingine, "line in") lililo pembeni mwa lile la waridi mkwaruzo utaisha, au ni lazima ninunue kadi ya sauti ya USB? Na je, ipo redio inayorekodi yenyewe kwenye flashi kwa saa niliyoipangia, bila mtu kukesha?