Nimeuziwa bastola ya "tisa" na risasi haziingii, eti nisukume!

Banange leo nasema yote, nimevumilia wiki tatu. Nina duka Kikuubo hapa Kampala, nimezunguka na makaratasi ya kumiliki bastola kuanzia barua ya LC, yaani serikali ya mtaa, mpaka polisi, cheti nikapata kihalali kabisa. Nikaenda kwa muuzaji mwenye leseni, sio mtu wa vichochoroni, akanitolea bastola ya mtumba aina ya Makarov, imepakwa mafuta inang'aa. Nikamuuliza, hii inakula risasi gani? "Tisa milimita mzee, za kawaida, hizo hukosi." Akaniongezea na boksi la risasi 50, nikalipa keshi, nikashukuru kama mjinga.

Siku ya shabaha najaza magazini, risasi ya kwanza tu haishuki, ncha inagonga ukuta wa mbele. Nikadhani springi, nikadhani vidole vyangu. Afande anayesimamia pale akaichukua ile risasi, akasoma kitako chake, akacheka mpaka akakaa chini. Imeandikwa 9x19! Makarov ni 9x18, mali ya Warusi, jeshi lao lilianza kuitumia 1951, na hiyo 18 na 19 ni urefu wa ganda kwa milimita. Hiyo 9x19, ndiyo wanaita Parabellum, nzima na kichwa chake inafika karibu milimita 29.7, ya Makarov 25, sasa itakaaje kwenye magazini ya mwenzake? Na hiyo "tisa" ni jina tu jamani, kichwa cha Makarov ni kama 9.27, cha Parabellum kama 9.01, kwa hiyo hata ukigeuza ukaweka za Makarov kwenye bastola ya Parabellum unalazimisha kichwa kinene kipite mtutu mwembamba.

Nikampigia muuzaji. Jibu lake: "weka moja moja kwenye chemba, sukuma slaidi." Yaani niingize risasi kwa mkono nyuma ya mtutu, halafu nisukume kile chuma cha juu kinachoteleza! Ssebo, unataka nibaki bila vidole? Makarov haina kitu cha kufunga slaidi na mtutu pamoja wakati inalipuka, inategemea uzito wa slaidi na springi basi, na risasi yake presha ya juu ni 1600 bar wakati Parabellum inaruhusiwa mpaka 2350. Nikamwambia hivyo, kimya. Kesho yake anakuja na mpya, eti nitafute "tisa fupi", ile 9x17. Hiyo nayo kichwa chake ni chembamba kama cha Parabellum, kwenye mtutu wa Makarov kitapita kimelegea, shabaha utaisikia kwa jirani.

Nakubali sikuuliza tisa ngapi kwa ngapi, hilo langu. Lakini mimi nauza sabuni na mafuta ya kula, yeye ndio anauza bunduki! Bastola yenyewe haina maandishi ya kaliba, yaani inakula risasi gani, ni namba na mwaka tu, na risiti kaandika "bastola 9mm" basi, ukimuonyesha anasema si nimekuuzia tisa?

Sasa boksi la Parabellum nimefungia kwenye sefu na bastola nayo imelala tupu, na 9x18 nimeulizia kila mwenye leseni ninayemjua hapa Kampala, hakuna. Simu zangu hapokei, meseji anasoma halafu kimya. Jumatatu nafika dukani kwake na risiti na lile boksi lake, anirudishie hela zangu, na kama hataki basi twende wote kwa afande aliyesaini karatasi za mauzo akamueleze yeye hiyo habari ya kusukuma.