Msimu wa pili wa The Promised Neverland: ile ni dhuluma na sitanyamaza

Wakuu, nina hasira. Najua ni anime (katuni ya Kijapani) ya 2021 na wengi wenu mlishaizika zamani, lakini juzi usiku nimemaliza kuirudia na mdogo wangu na nimelala na fundo kooni. Kama hujaitazama ishia hapa, maana namwaga kila kitu.

Kwanza mjue nimenyang'anywa nini. Msimu wa kwanza, Januari 2019. Episodi ya kwanza tu, Emma na Norman, watoto wa kituo cha yatima, wanatoka mbio usiku kumpelekea mwenzao mdogo Conny sungura wake wa kitambaa aliyemsahau. Wanafika getini wanakuta lori. Wanachungulia nyuma. Conny yumo, amelala chali, macho wazi, ua jekundu limechomekwa kifuani. Sauti zinakaribia, wale wawili wanajitupa chini ya lori, na wanaoongea pale juu ni mazimwi wanaojadili nyama. Ndipo unapoelewa kwamba Grace Field, kile kituo cha yatima chenye mashuka meupe na chakula kizuri, ni zizi. Watoto wananenepeshwa wapelekwe mezani. Sisi tuliolala utotoni na hadithi za zimwi mla watu tunaijua hofu ile, haihitaji mtu kutufafanulia.

Mdogo wangu ana miaka 13. Pale alisimamisha, akakaa kimya, kisha akaniuliza: "Kaka, kwani Mama anajua?"

Swali hilo moja ndilo limebeba msimu mzima. Mama Isabella, mlezi wao, anajua, na anatabasamu. Episodi 12 zote ni watoto wa miaka 11 wanaoshindana akili na mwanamke anayewabusu kabla ya kulala. Hakuna haraka. Korido ndefu, nyayo zinazosikika kabla ya mtu kuonekana, Norman anayecheka huku vidole vinatetemeka. Na pale mwisho, watoto wameshavuka ukuta, Isabella anafungua nywele zake na kuwatakia heri kimyakimya, halafu tunaonyeshwa utoto wake mwenyewe, yule mvulana Leslie na wimbo wake, na tunajua Ray, rafiki wa Emma na Norman, aliujulia wapi. Nililia, na sioni aibu kusema.

Sasa hesabu. Manga, yaani kitabu cha michoro kilichozaa anime hii, ya mwandishi Kaiu Shirai na mchoraji Posuka Demizu ina sura 181. Msimu wa kwanza ulichukua takriban sura 37 kwa episodi 12, yaani tatu tatu, kila kitu kikapata pumzi. Zikabaki sura 144. Wakazipa episodi 11. Kumi na moja! Ukigawanya ni sura 13 kwa kila episodi, na usidhani walizibana zikaenea. Walizitupa. Na katikati ya hizo 11 wakapata nafasi ya kupachika episodi nyingine ya marudio, ya kutukumbusha tulichokwisha kuona.

Mtu asiniletee habari kwamba hadithi ilikuwa haijaisha. Anime ya Fullmetal Alchemist ya 2003 ilichepuka kwa sababu manga yake ilikuwa bado inaandikwa, hilo linaeleweka, na 2009 wakaitengeneza upya, episodi 64, ikafuata kitabu hadi mwisho. The Promised Neverland ilimalizika Juni 2020. Msimu wa pili ulisogezwa kutoka Oktoba 2020 hadi Januari 2021 kwa sababu ya korona. Siku inaruka hewani, hadithi nzima ilikuwa mezani, ukurasa wa mwisho umechapishwa nusu mwaka uliopita. Walikuwa na kila kitu mkononi.

Turudi sebuleni kwetu. Mimi manga nimeisoma, dogo hajaisoma. Msimu wa pili ulipoanza nilimwambia: "Subiri wafike kwenye handaki. Kuna mtu humo ndani, utampenda." Nilikuwa namaanisha Yuugo. Kwa msiosoma, Yuugo ni mtu mzima wa kwanza ambaye watoto hawa wanamkuta nje. Alitoroka shamba jingine akiwa mtoto kama wao, akafika kwenye handaki lile lile na wenzake, wakatoka kutafuta mahali paitwapo Goldy Pond, akarudi peke yake. Amekaa humo peke yake miaka 13. Emma anapofungua mlango anakutana na mtu mchafu, mkali, aliyechoka kuishi, na anachowatamania ni wamwondokee. Anajaribu hata kuwaua. Halafu taratibu, sura baada ya sura, watoto wale wanamrudishia ubinadamu, naye anakuwa baba yao. Yuugo ndiye jibu la swali ambalo Isabella aliliacha wazi: mtu mzima aliyevunjika afanye nini na watoto walio mbele yake?

Kwenye anime wanafuata kalamu inayowaonyesha njia, wanafika mahali paitwapo B06-32, wanafungua handaki. Vitanda vipo, chakula kipo, piano ipo. Yuugo hayupo. Hakuna aliyempa uso mwingine wala jina jingine. Amefutwa tu kama hakuwahi kuandikwa.

Dogo akanigeukia. "Kaka, yule mtu uliyesema yuko wapi?"

Nilikosa cha kumjibu.

Alipofutwa Yuugo, Goldy Pond nzima ikaenda naye. Kijiji kizuri chenye kinu cha upepo, muziki unalia, na muziki ukilia maana yake watoto wakimbie, mazimwi wa tabaka la juu wameshuka kuwinda kwa starehe. Leuvis na yule tumbili wake begani, zimwi aliyechoshwa na nyama ya bure anayetamani binadamu wa kupambana naye kweli. Pale Emma anapigwa hadi karibu kufa, na pale ndipo anapojua kwamba kuokoa watu kuna gharama. Na watu wa huko je? Lucas hayupo. Violet hayupo. Oliver hayupo. Wapenzi wa manga walikuwa wakitaja Goldy Pond kuliko sehemu nyingine yoyote, miaka miwili wanaingoja, na haikupewa hata dakika moja.

Kisha Norman. Kwenye manga anapelekwa kwa mazimwi na tunamlilia, na Emma anamwona tena baada ya sura zaidi ya 80. Unakuwa umeshamzoea kama marehemu. Kwenye anime katikati ya msimu anatokea tu mtaani, wanakumbatiana, tayari ana mpango wa kuyaua mazimwi yote, na baada ya muda mfupi amebadilishwa mawazo. Mtu aliyefanyiwa majaribio kwenye kituo cha Lambda, anayekohoa damu, aliyeamua kubeba mauaji ya taifa zima ili Emma asiyabebe, hasira yake inakwisha upesi kama ugomvi wa watoto wa jirani.

Isabella naye. Kwenye manga anafia mbele ya Emma, anajiweka kati ya zimwi na mtoto aliyewahi kumvunja mguu kwa mikono yake. Anailipa. Kwenye anime anageuka kuwa mwema pale mlangoni na mambo yanaendelea. Mwanamke yule yule wa episodi ya kwanza ya 2019!

Na mwisho wenyewe. Jamani, mwisho. Picha za mnato zinapita huku muziki unapigwa. Emma anaonana na yule aliye juu ya mazimwi yote, ambako ndiko ahadi yenyewe kati ya binadamu na mazimwi, iliyobeba jina la hadithi, inakofungwa upya: picha. Mapinduzi ya ulimwengu wa mazimwi: picha. Kwenye manga Emma analipa ahadi ile kwa kumbukumbu zake zote za familia, na wenzake wanazunguka dunia kumtafuta mtu ambaye hatawatambua. Hilo hawakutaka hata kuligusa. Nilikuwa naona mtu anafungua albamu ya harusi ambayo sikualikwa, anazipitisha kurasa mbio.

Episodi ya 10 na ya 11 hazina jina la mwandishi wa skripti. Tafuta kwenye majina ya mwisho uone. Mimi kwangu hilo linatosha kama ushahidi.

Wachoraji siwalaumu. Majira hayo hayo studio yao, CloverWorks, ilikuwa inatoa pia anime za Horimiya na Wonder Egg Priority, kwa hiyo watu walikuwa wanakesha, na mandhari ya msitu mwanzoni mwa msimu yamechorwa kwa upendo. Nawalaumu waliokaa mezani wakaamua kwamba 11 zinatosha. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa walitujua vizuri, walijua tunachokingoja, na wametula wakatumaliza.

Najua atakuja mtu aseme "soma manga basi, katuni tu hiyo". Manga nimeisoma, mkuu. Nilitaka kusikia sauti ya Yuugo. Nilitaka kusikia ule muziki wa Goldy Pond ukianza. Na katuni tu, kwa nini msimu wa kwanza ulimfanya mtoto wa miaka 13 akae kimya nusu saa akiwaza kuhusu Mama?

Dogo sasa anasoma manga kwenye simu yangu kuanzia sura ya 38, nilimwambia yote aliyoyaona kwenye msimu wa pili ayafute kichwani. Ninachotaka ni kimoja, waianze upya kutoka hapo, hata ichukue miaka mitano. Anime ya Fruits Basket ya 2001 ilirudiwa 2019 na ikafika mwisho wake, hivyo inawezekana.

Mwenye utetezi wa msimu huu aulete hapa chini nitaujibu. Ila aanze kwanza kunijibu swali la mdogo wangu: yule mtu wa kwenye handaki yuko wapi?