Raba za ekzosi ya Mini ya zamani zinakatika mara kwa mara

Mwenye Mini, Tabora
Ndugu zangu, habari za majukumu. Nina Mini, ile gari ndogo ya Kiingereza, yenye injini ya sisi (cc) 998, niliyoachiwa na baba mdogo. Nimekwisha kubadilisha mara mbili raba za kushikilia ekzosi, zile za mviringo zenye bolti pande zote mbili, na zote zimekatika kabla ya miezi miwili. Safari hii hata bomba limepata ufa karibu na menifodi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye injini). Fundi wangu anashauri tutoboe kipande cha tairi na kupitisha bolti moja ndefu. Nimkubalie?

Fundi wa Ujiji
Usimkubalie, kaka. Bolti ikipita moja kwa moja, chuma kitashikana na chuma, mtikisiko wote utaingia kwenye bodi, na bomba litapasuka tena. Ila mimi sizilaumu raba. Injini ya Mini imelazwa kwa upana wa gari, kwa hiyo kila unapoachia klachi inajibinua, na kinachoizuia ni mkono mfupi wa chuma unaotoka kwenye bloku hadi ukuta unaotenganisha injini na abiria, wenye bushi (vipande vya raba vya kupokea mtikisiko) kila ncha (matoleo ya baadaye yana mwingine chini). Bushi hizo zikiisha, injini huivuta ekzosi nzima. Zima injini, ingiza gia, fungua boneti, kisha mtu alisukume gari mbele na nyuma huku wewe ukitazama.

Mwenye Mini, Tabora
Nimetazama jioni hii: injini inayumba kama mlevi, na bushi moja imebaki nusu. Nikishazibadilisha, nianze kufunga wapi?

Mama Urambo
Mdogo wangu, liweke gari juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Pachika kila kitu kikiwa kimelegea, egemeza sailensa kwa kipande cha mbao, kisha kaza kuanzia mbele: klampu ya menifodi, halafu kishikio cha kwenye giaboksi, ambacho mafundi wengi hukitupa wakidhani ni pambo, na raba za nyuma ziwe za mwisho. Raba ikifungwa huku imejipinda au imevutwa, haitafika mbali, hasa kwenye barabara zetu za makunyanzi na magurudumu ya inchi 10. Ukishatembea kidogo, acha bomba lipoe, ndipo urudie kukaza nati za mbele.