Tupeane uzoefu: bei zikipanda, kwenu mnakata nini kwanza?

Mama Pacha: Wapendwa, leo nimefungua kopo la sukari nikakumbuka mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño zilizuia viwanda kuvuna miwa. Bei elekezi haikuzidi 3,200 kwa kilo, ila duka la jirani yangu 4,500. Chai sikuacha. Nikawa nachukua robo robo, na kijiko nashika mimi. Nyie je?

Fundi wa Buza: Hivyo hivyo. Tena robo robo ukijumlisha, umelipa zaidi ya mwenye kilo.

Binti Songea: Sukari mtu anaweza kuipunguza. Mimi nasema sembe. 2023 ilifika 2,000 kwetu, na mume kasimamishwa kazi. Nyama ya Jumapili ikaondoka, ukafuata wali, maharage yakawa ya kuhesabu. Watoto watatu, mboga mchicha wa chumvi, usiku wanalia njaa. Nikasonga ugali mkubwa zaidi. Ilipokuwa 1,200 nilitumia kilo kwa siku, ilipopanda nikatumia kilo na nusu! Siku moja nakwangua sufuria, kitinda mimba akashika ukoko akauliza, "Mama, hii ndiyo mboga?" Nilikwenda kulia chooni.

Kijana wa Kijiweni: Samahani dada, haiwezekani. Kitu kikipanda watu wananunua kidogo.

Binti Songea: Kaka, mwiko nilishika mimi.

Mama Pacha: Pole sana mdogo wangu. Nimesoma mara mbili.

Babu Mkulima: Kijana, nyama ikiondoka ile hela ndogo iliyobaki inaenda kwenye kinachojaza tumbo. Hata kama kimepanda, bado ndicho rahisi kuliko vyote.

Kijana wa Kijiweni: Basi si angehamia muhogo?

Fundi wa Buza: Fungu la buku kwa watu watano? Acha bwana.

Babu Mkulima: Nunueni gunia la mahindi wakati wa mavuno, Juni au Julai, msage dona.

Mpangaji: Usinunue gunia, dumuzi watalimaliza. Hela weka kwenye kibubu.

Fundi wa Buza: Anayepima kilo gunia analitoa wapi?

Kijana wa Kijiweni: Dada, nimekuelewa. Sasa hivi hali ikoje?

Binti Songea: Mume alipata kazi. Sembe ilikuwa bado ghali, lakini tulinunua nyama nusu kilo na maharage, na usiku ule ugali ukabaki. Niliufunika nikauangalia muda mrefu.

Mama Pacha: Na kitinda mimba?

Binti Songea: Ukoko anaudai mpaka leo.