Nalipia tuisheni ya Kemia kwa miezi mitatu sasa, mbona alama hazipandi?

Mrudiaji_PCB

Habarini wanajukwaa. Nilimaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na nikapata S katika Kemia, alama ambayo haifungui mlango wa chuo kikuu kama zinavyoufungua A hadi E. Nimejisajili kurudia somo hilo nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na mtihani ni mwezi Mei. Kaka yangu ananilipia mwalimu anayekuja nyumbani mara mbili kwa wiki, saa mbili kila siku. Ni mwalimu mzuri: anaeleza kwa Kiswahili, anakokotoa maswali ubaoni hatua kwa hatua, nami namwelewa kabisa. Hata hivyo, juzi nilijipima kwa mtihani wa nadharia wa mwaka mmoja uliopita, nikajisahihisha bila kujionea huruma, nikaambulia 31 kati ya 100. Je, nibadilishe mwalimu, au kasoro iko kwangu?

Mwalimu_Kemia

Usimbadilishe kabla hujabadilisha namna mnavyotumia hizo saa mbili. Kwa maelezo yako, anayefanya mazoezi ya kemia hapo nyumbani ni mwalimu, nawe ni mtazamaji. Na anayekaa ukingoni kumtazama mvuvi akiogelea hatoki hapo akiwa anajua kuogelea.

Liko jambo la pili ambalo wengi hawalitazami. Mnazungumza Kiswahili, lakini karatasi ya Baraza la Mitihani imeandikwa kwa Kiingereza na majibu yanatakiwa kwa Kiingereza. Mtahiniwa anaweza kuelewa barabara kwa nini mmumunyo wa bafa haubadiliki sana pH, yaani kipimo cha uasidi, unapotiwa asidi kidogo, kisha akashindwa kuandika sentensi nne zinazolieleza jambo hilo kwa lugha ya mtihani, na msahihishaji hana namna ya kuona yaliyobaki kichwani. Endeleeni kufafanua kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo mada inavyoingia, lakini kila mada ifungwe kwa wewe kuandika jibu kamili kwa Kiingereza na mwalimu kulisahihisha mbele yako.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: kabla hajafika, uwe umejibu maswali mawili ya mitihani iliyopita kwa kutazama saa na bila daftari. Akifika, asianze kufundisha; aanze kusahihisha kwa kalamu nyekundu, na mkutane pale tu ulipoanguka. Chukua mfano wa swali linalokupa halijoto kadhaa pamoja na thamani za k (namba inayoonyesha kasi ya mmenyuko), likakutaka ukokotoe nishati inayohitajika kuanzisha mmenyuko. Watahiniwa wengi wanaikumbuka kanuni ya Arrhenius, inayounganisha k, halijoto na nishati hiyo, neno kwa neno. Wanachosahau ni kugeuza selsiasi kuwa kelvini, au wanachora grafu ya logi ya kizio cha 10 kisha wanaacha kuzidisha mteremko kwa 2.303, au wanatumia 8.314 (thamani ya R, kigezo cha gesi, kwa juli) na kuandika jibu kwa kilojuli bila kugawa kwa 1,000. Makosa hayo hayatibiwi kwa kufundishwa mada upya. Yanatibiwa kwa daftari dogo la makosa yako mwenyewe, utakalolisoma kila unapoanza zoezi jipya.

Pia pakua taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa katika tovuti ya Baraza. Hazilipiwi, na zina sampuli za majibu halisi, mazuri na mabovu.

Niliyepita_Njia_Hiyo

Namuunga mkono mwalimu, ila kwa kemia ya kaboni daftari la makosa peke yake halikunisaidia. Nilichora ramani ya mimenyuko kwenye karatasi kubwa ya manila: alkeni hapa, alkoholi pale, kila mshale ukiwa na kitendanishi na masharti yake. Mwalimu wangu alikuwa akiweka kidole popote na kuuliza, “Kutoka hapa utafikaje kule?” Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimekariri kuwa propeni na HBr hutoa 2-bromopropani, bila kujua kwamba ikiwapo peroksaidi jibu hugeuka kuwa 1-bromopropani. Neno moja katika swali lilitosha kunipoteza.

Swali langu kwako ni hili: huyo mwalimu wa nyumbani anakupeleka maabara lini?

Fundi_Sanifu_Maabara

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Wanaojitegemea hujifungia na nadharia hadi Aprili, kisha wanaingia katika mtihani wa vitendo wakiwa na miezi mingi hawajashika bureti, ile mirija ya kioo yenye vipimo ya kudondoshea mmumunyo. Ongea mapema na kituo ulichojisajili au shule iliyo jirani, uombe siku chache za maabara, na mwalimu wako awepo.

Huko, msishangae rangi tu; fanyeni mazoezi ya kuandika. Usomaji wa bureti uwe na desimali mbili, hata pale ambapo ni 24.00. Katika uchanganuzi wa chumvi, andika ulichokiona kabla ya unachokihisi: mashapo (chembe zinazojitenga na mmumunyo) meupe yanayoyeyuka ukizidisha mmumunyo wa amonia yanaelekeza kwenye zinki, ilhali ya alumini hubaki palepale. Anayeandika “zinki ipo” bila kueleza kilichotokea amejinyima alama alizokwisha kuzifanyia kazi. Na kama unapima pamanganeti ya potasiamu kwa asidi ya oksaliki, ipashe moto asidi kwanza, kwani ikiwa baridi mmenyuko huanza polepole na utadhani umefika mwisho kabla ya wakati.

Mrudiaji_PCB

Nawashukuru sana, na shikamoo mwalimu. Jana nilimwomba mwalimu wangu asahihishe kwanza. Nilihofia angeudhika, kumbe alicheka, akasema amekuwa akisubiri nimletee kazi yangu. Swali la bafa nililodhani nalijua nimepata 3 kati ya 10, na maneno yaliyokosekana yote nilikuwa nikiyasema vizuri kwa Kiswahili. Jumatatu nakwenda kituoni kuulizia maabara. Fundi, je, siku nne zinatosha, au niombe zaidi?

Fundi_Sanifu_Maabara

Omba sita. Mbili za kwanza zitaishia kwenye kuzoea pipeti.